Nguvu ya mchimbaji haitoki katika bukari peke yake

Wasomaji wetu, tuanze na neno ambalo tunalisikia kila mara katika miji yetu ya shaba, ikiwa Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Kambove. Mtu anarudi kazini jioni, anaketi mbele ya nyumba, anavua viatu, halafu anasema: "Miaka yangu ni makumi ine tu, lakini hii magoti iko ya muzee wa makumi saba." Bibi yake anajibu toka jikoni: "Haina uzee, njo kazi inakumaliza."

Nani ana haki, bwana ao bibi? Siku hizi swali hili limepata wafanyabiashara wake. Habari zinapita kwenye simu kwamba kuna kitu kinaitwa NAD, kwamba kikipungua mwilini mtu anazeeka, na kwamba kuna vidonge vya kukirudisha. Chupa ndogo inauzwa kwa dola ambazo zingelisha nyumba siku nyingi. Vijana wametuuliza, na bamama vilevile: ni kweli ao ni uongo?

Tunajibu hivi: NAD ni kitu cha kweli, tena cha maana sana. Lakini jambo ambalo wauzaji wa vidonge hawalisemi ni kwamba mwili unatengeneza NAD kwa chakula, na chakula chetu cha kila siku kinaweza kutudanganya. Kwa hiyo tutaeleza polepole, kwa lugha ya kazi yetu.

Kigari cha ndani ya mwili

Kila mchimbaji anajua kwamba jiwe lenye shaba halina faida likibaki pale chini lilipovunjwa. Inahitaji kigari cha kulibeba mpaka kwenye kiwanda. Kigari kinajazwa, kinakwenda, kinamwaga, kinarudi kitupu, kinajazwa tena. Vigari vikipungua, mawe yanaweza kurundikana kule chini kama mlima, lakini kiwanda kitasimama.

Mwili wetu unafanya kazi vilevile. Umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ndani ya kila seli kuna viwanda vinavyoitwa mitokondria. Chakula tunachokula kinavunjwa vipande vidogo, na katika vipande hivyo kuna hidrojeni yenye nguvu. Kigari kinachobeba hidrojeni hiyo mpaka kwenye mitokondria ndicho NAD. Jina lake kamili ni refu, nikotinamidi adenini dinukleotidi, na wenye elimu wanakiita koenzimu, maana yake msaidizi wa enzimu, wale wafanyakazi wa seli. Mitokondria inapokea mzigo, inauchoma polepole kwa hewa tunayovuta, na inatoa ATP, nguvu ambayo msuli unatumia kuinua nyundo, moyo unatumia kupiga, na ubongo unatumia kufikiri. NAD inarudi tupu kuchukua mzigo mwingine.

Kitu hiki kilianza kujulikana katika mwaka wa 1906, mwaka uleule ambao kampuni ya Union Minière ilizaliwa. Katika London, Arthur Harden na William Young walikuwa wanachunguza chachu, ile inayogeuza sukari kuwa pombe. Waliona kwamba maji ya chachu yana kitu kidogo kisichokufa hata kikichemshwa, na bila kitu hicho chachu haifanyi kazi. Harden alipata zawadi ya Nobel katika 1929, pamoja na Hans von Euler-Chelpin wa Stockholm. Baadaye, katika miaka ya 1930, Otto Warburg wa Berlin alionyesha ginsi NAD inavyobeba hidrojeni. Kigari kikajulikana kazi yake.

Mafundi wanaovunja vigari

Sasa tuje kwenye uzee. NAD ina kazi ya pili. Kila siku ADN yetu, ule mwongozo ulioandikwa ndani ya seli, inapata vidonda: kwa jua, kwa moshi, kwa kazi ya mwili wenyewe. Kuna mafundi wa kuitengeneza. Lakini mafundi hao, ili wafanye kazi, wanachukua vigari vya NAD na kuvivunja ili wapate vipande vya kutumia. Kigari kilichovunjwa hakibebi tena. Lazima kingine kijengwe.

Mtu akiwa kijana, kujenga na kuvunja vinakwenda sawa. Miaka ikipita, kazi ya kutengeneza inaongezeka, na enzimu nyingine inayoitwa CD38, ambayo inakula NAD, inaongezeka nayo. Hayo yameonekana wazi kwa panya: panya akizeeka, NAD inapungua katika viungo vyake vingi. Kwa watu pia vipimo vya ngozi na vya viungo vingine vinaonyesha njia ileile, ijapokuwa si kwa kila kiungo sawasawa.

Basi bwana na bibi wote wawili wana haki kidogo. Uzee unakula vigari, na maisha ya kazi ngumu chini ya jua yanaleta vidonda vya kutengenezwa. Lakini swali linalobaki ni hili: chuma cha kujengea vigari vipya kinatoka wapi?

Chuma cha kujengea

Kinatoka kwenye sahani. Mwili unajenga NAD kwa vitamini moja inayoitwa niasini, ao vitamini B3. Kwenye famasi zetu bado mtaona jina la Kifaransa la zamani, vitamini PP. Herufi hizo mbili zina historia: maana yake ni "ya kuzuia pelagra". Mwili unaweza pia kutengeneza niasini kidogo kwa triptofani, kipande kimoja cha protini kinachopatikana katika nyama, samaki, mayai, maziwa, maharagi na karanga. Lakini malipo yake ni makali: inahitaji miligramu 60 za triptofani kupata miligramu 1 ya niasini. Mwanaume mzima anahitaji karibu miligramu 16 za niasini kwa siku, na mwanamke karibu 14.

Na hapa ndipo bukari inapotudanganya. Mahindi yana niasini, ndiyo, lakini sehemu kubwa imefungwa kwa kamba ambayo tumbo letu haliwezi kuifungua. Inaingia na inatoka. Na triptofani ya mahindi ni kidogo. Unga ukiwa mweupe sana, uliotolewa ngozi na kiini, unapoteza hata kile kidogo kilichokuwemo. Muhogo nao hauna mengi. Kwa hiyo mtu anaweza kula bukari mpaka tumbo linajaa, na seli zake zikabaki bila chuma. Ameshiba, lakini vigari havijengwi.

Watu wa Mexico walijua jambo hili zamani bila kuwa na maabara. Wao wanapika mahindi pamoja na chokaa ao majivu kabla ya kuyasaga, na kazi hiyo inaifungua niasini. Mahindi yalipovuka bahari kuja Ulaya na Afrika, mbegu ilikuja, lakini ujuzi wa chokaa ulibaki nyuma. (Tunasema mapema, kwa sababu tunawajua watu wetu: chokaa cha viwanda vya madini si cha kuweka kwenye sufuria. Kinaunguza, na kinaweza kuwa na uchafu wenye sumu. Msijaribu.)

Waliokufa wakiwa wameshiba

Katika 1735, munganga mmoja wa Hispania, Gaspar Casal, aliona wakulima maskini waliokula mahindi wakiugua ugonjwa wa ajabu. Ngozi ya shingo, ya mikono na ya miguu, mahali jua linapopiga, iligeuka nyeusi, ikakauka, ikapasuka. Kwa shingo iliviringika kama mkufu, na mpaka leo waganga wanaita alama hiyo "mkufu wa Casal". Waitalia wakaupa ugonjwa jina la pelagra, maana yake ngozi ya kukwaruza. Kisha tumbo linaharibika, mtu anahara. Kisha akili inachafuka: hasira, kusahau, kusema maneno yasiyoelekea. Mwisho wake, bila matunzo, ni kifo.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, pelagra ilipiga kusini mwa Marekani, kati ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo na walimaji wa pamba, watu wa mshahara mdogo. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, maji ya miwa na mafuta ya nguruwe. Inahesabiwa kwamba karibu watu 100,000 walikufa mpaka mwaka wa 1940. Wakubwa wengi walisema ni ugonjwa wa kuambukiza.

Katika 1914 serikali ilimtuma munganga Joseph Goldberger. Aliona jambo moja rahisi: katika nyumba za yatima na za wagonjwa wa akili, wagonjwa walipata pelagra, lakini wafanyakazi waliokaa nao kila siku hawakupata hata mmoja. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua hivyo? Tofauti ilikuwa kwenye meza. Katika 1915, kwenye gereza moja la mashamba huko Mississippi, wafungwa walikubali kula chakula cha maskini, hasa cha mahindi, kwa ahadi ya kufunguliwa. Kabla miezi haijawa mingi, sita kati ya kumi na moja walikuwa na alama za pelagra. Na ili kuwanyamazisha waliobisha, Goldberger, bibi yake na marafiki walijiingizia damu na uchafu wa wagonjwa ndani ya miili yao. Hakuna aliyepata pelagra.

Alikufa katika 1929 bila kujua kitu chenyewe kinachokosekana. Katika 1937, Conrad Elvehjem wa Wisconsin alikionyesha: ni asidi ya nikotini, yaani niasini. Mbwa waliokuwa na ugonjwa kama pelagra walipona, na baadaye watu. Basi pelagra ni nini? Ni mwili ambao vigari vya NAD vimekwisha. Ngozi inakosa vigari vya mafundi wa kutengeneza vidonda vya jua, tumbo linakosa, ubongo unakosa. Ni kama uzee unaokuja kwa miezi badala ya miaka.

Karanga zilipokosekana

Mtu asidhani kwamba hii ni hadithi ya Wazungu wa zamani. Katika 1989, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanapewa mgawo wa unga wa mahindi, maharagi na karanga. Karanga zikakatika. Kufika mwaka wa 1990, watu zaidi ya 17,000 walipata pelagra. Wanawake waliugua zaidi sana kuliko wanaume. Na waliochunguza nyumba kwa nyumba waliona nani aliponea: nyumba yenye bustani, nyumba iliyosaga mahindi yake yenyewe, na nyumba iliyopata karanga ao samaki kila siku.

Katika 1999 pelagra ilitokea Kuito, katika Angola, mji uliofungwa na vita, ambamo watu waliishi kwa msaada wa mahindi. Kuito si mbali na sisi kwa roho: iko kwenye reli ya Benguela, ileile inayopeleka shaba yetu Lobito.

Tuangalie vema hesabu ya Malawi. Unga haukukosekana. Karanga ndizo zilizokosekana.

Posho ya zamani na sahani ya leo

Wazee wetu wa Union Minière na wa Gécamines, tukikaa nao, wanapenda kuzungumza habari ya posho. Wanataja moja kwa moja: unga, maharagi, karanga, samaki, nyama, mafuta ya mawese, chumvi. Hatusemi zamani ilikuwa paradiso. Kampuni haikutoa vile kwa upendo. Ilihesabu kwamba mtu mwenye njaa ya ndani hachimbi. Lakini hesabu ilikuwa sawa.

Leo mchimbaji wengi wao wanajitegemea. Mwenye kuchimba kwa mikono anakula pale karibu na shimo, bukari kubwa na mboga kidogo, juu ya makuta. Jioni kuna lutuku. Na pombe ni adui wa pili wa NAD: ini linatumia vigari vingi kuivunja, mlevi anakula kidogo, na tumbo lake linashindwa kuchukua vitamini. Katika nchi tajiri, wengi wanaopata pelagra leo ni walevi.

Na nyumbani je? Tunajua desturi: kipande cha samaki kinakwenda kwa baba, sababu "njo anatumika". Mama na watoto wanachovya bukari kwenye mchuzi. Tukumbuke tena wanawake wa Malawi.

Habari njema ni kwamba dawa iko sokoni, tena karibu na sisi. Gramu 100 za karanga zina karibu miligramu 12 za niasini, na juu yake triptofani. Ukisaga karanga ukatia ndani ya sombe ao lengalenga, sufuria yote imebadilika, na kila mtoto anapata. Ndakala wakavu, hata konzi moja tu, ni chuma cha kweli. Vinkubala vya musimu, vile viwavi vya pori letu, vina protini nyingi. Maharagi yanasaidia, na yai vilevile. Hakuna haja ya nyama kila siku. Inahitaji tu bukari isikae peke yake.

Na vile vidonge?

Tunarudi kwenye chupa ya dola. Elimu ya NAD ni elimu ya kweli. Panya wazee waliopewa vitu vya kutengenezea NAD, vinavyoitwa NMN na NR, walionyesha mabadiliko mazuri katika majaribio kadhaa. Watu waliovimeza walipimwa, na NAD katika damu yao ilipanda. Mpaka hapo wauzaji hawasemi uongo.

Lakini kupandisha NAD katika damu haina kurudisha ujana. Katika majaribio ya watu, faida iliyoonekana ni ndogo, pengine hakuna. Na katika 2021, majaribio makubwa ya serikali ya Marekani, yale yanayopima vitu vingi kwa panya ili kuona kipi kinarefusha maisha, yalitoa jibu juu ya NR: panya hawakuishi zaidi. Hakuna mtu duniani aliyeonyesha kwamba vidonge hivi vinaongeza miaka ya binadamu.

Kwa hiyo mwenye kukosa niasini, karanga na samaki vitamjengea vigari. Mwenye kula vema, chupa ile itampunguzia makuta kwanza. Wala msinunue niasini nyingi na kumeza bila kipimo: dozi kubwa inawasha ngozi na inaweza kuharibu ini.

Alama za kuangalia

Kuchoka kuna sababu nyingi: malaria, damu kidogo, sukari, vumbi la mgodi kwenye mapafu, kifua kikuu. Mtu asijiambie ni NAD akabaki nyumbani. Lakini kuna alama ambazo zinasema pelagra, na kila mama anaweza kuziona:

Ngozi ya shingo, ya nyuma ya mikono ao ya miguu inakuwa nyeusi na kavu, inapasuka, pande zote mbili sawasawa, pale tu jua linapofika. Ulimi unakuwa mwekundu na unauma. Tumbo linahara bila kupona. Mtu mpole anageuka wa hasira, halali, anasahau. Wengi wanasema amerogwa. Apana. Mpelekeni kituo cha afya. Dawa yake ni nikotinamidi, si ghali, na mara nyingi kichwa kinatulia baada ya siku chache, ngozi baada ya majuma.

Wanaotibiwa kifua kikuu wasikilize zaidi, na wachimbaji ni wengi kati yao. Dawa moja ya ugonjwa huo, isoniazidi, inaweza kuzuia mwili kutengeneza niasini. Usiache dawa, kwani kuiacha kunaua. Lakini kama ngozi inabadilika, mwambie muuguzi, naye ataongeza vitamini.

Tunamaliza na siku ya mshahara. Mtu anapokea, na kitu cha kwanza anachonunua ni gunia la unga, kwa sababu gunia linaonekana, linasimama pembeni ya nyumba, moyo unatulia. Ni sawa. Lakini kabla makuta hayajakwisha, kabla ya chupa ya lutuku na kabla ya chupa ya vidonge, toeni hesabu ya karanga na ya ndakala kwa siku zote mpaka mshahara mwingine. Ni wao wanaojenga vigari. Na mama wa nyumba, ukigawa sahani, usijisahau wewe.